Muziki huru wa Skandinavia: fuata lebo, achana na chati

Ndugu Mhariri,

Kurasa za burudani za magazeti yetu zikiitaja Sweden huishia kwa ABBA, zikiitaja Norway huishia kwa a-ha, na Denmark husubiri timu yake ya taifa icheze ndipo itajwe. Huku Nyanda za Juu Kusini watu wazima wanaijua Denmark kwa mabomba ya maji ya DANIDA, na wanazijua nchi za Nordiki zote kwa kituo cha kilimo cha Uyole. Watoto na wajukuu wao, hasa walioko vyuoni Mbeya na Iringa, sasa wanazijua kwa bendi ndogo za Göteborg, Bergen na Copenhagen, na swali lao ni moja: muziki huu unafuatiliwaje kwa bando dogo, na mbona kila ukitafuta jina jipya programu ya muziki inakurudishia yale yale matano? Tunaomba nafasi tujibu kwa kirefu kidogo.

Tuanze na mipaka. Skandinavia ni Denmark, Norway na Sweden. Mwimbaji Björk na bendi ya Sigur Rós ni wa Iceland. Ukiwachanganya hao na Wafini, hapo unazungumzia Nordiki. Jambo hili lina maana yake, kwa sababu redio, ruzuku na sehemu kubwa ya tuzo hupangwa kwa nchi, na asiyejua hutafuta bendi ya Reykjavik kwenye redio ya Oslo. Na tunaposema muziki huru, ule ambao vijana wanauita indi, tunamaanisha unaotolewa na lebo, yaani kampuni za kutoa rekodi, zisizo mali ya makampuni makubwa ya Universal, Sony wala Warner. Zile nyimbo zinazotungwa Stockholm kwa ajili ya nyota wa Marekani ni biashara nyingine, na ina wataalamu wake.

Husemwa sana kwamba baridi na giza ndivyo vilivyozaa muziki huu. Kama baridi ingetosha, Makete na Njombe pangekuwa na bendi mia. Kilichouzaa ni vyumba vya mazoezi. Sweden halmashauri zina shule za muziki ambako mtoto hujifunza ala kwa ada ndogo baada ya masomo. Akikua na kuunda bendi na wenzake, vijana hao hujiandikisha kwenye jumuiya ya elimu ya watu wazima, wenyewe huita studieförbund, kama kikundi cha kujisomea. Wakiwa watatu wanatosha, na hupata chumba, spika na ngoma kwa bei ya chini. Serikali yao ilitangaza 2023 kuzipunguzia ruzuku jumuiya hizo, na anayefuatilia muziki wa Sweden ana sababu ya kuliangalia hilo kuliko kuangalia nani yuko namba moja. Norway sheria inaitaka kila halmashauri iwe na shule ya sanaa, na mfuko wa utamaduni wa taifa umewahi kununua nakala za albamu na kuzigawa maktaba. Denmark ina kumbi za mikoani zinazolipwa na serikali pamoja na halmashauri kwa mikataba ya miaka minne minne, kwa hiyo bendi isiyojulikana ina mahali pa kupigia hata mbali na Copenhagen.

Matokeo yake ni bendi nyingi mno kwa wasikilizaji wachache. Nchi zote tatu zina watu kama milioni 22, ilhali sensa ya 2022 ilituhesabu sisi milioni 61.7. Ndiyo maana wengi huimba Kiingereza, ili wasikike nje. Si wote, lakini. Kaizers Orchestra waliimba kwa lahaja ya kwao, kusini magharibi mwa Norway, na nchi nzima ikawapokea. Ni sawa na bendi ya Iringa ishike Kihehe na Dar es Salaam waijaze ukumbi. Ndiyo maana pia mapendekezo ya programu hayasaidii sana. Programu hupendekeza kinachosikilizwa na wengi, na bendi yenye wasikilizaji mia nne haina wengi. Hutokea ikapatia, hatukatai: Boy Pablo wa Bergen alifika duniani mwaka 2017 kwa sababu YouTube iliisukuma video yake yenyewe. Kwa huyo mmoja, mamia wamebaki chini.

Kwa hiyo usimfuate msanii, ifuate lebo. Lebo ndogo ni sikio la mtu mmoja au wawili. Rune Grammofon ya Oslo ni sikio la Rune Kristoffersen aliyeianzisha 1998. Smalltown Supersound ni la Joakim Haugland, na ndiko walikopita Lindstrøm na Jaga Jazzist. Ukipenda matoleo matatu ya sikio hilo, la nne unaweza kulinunua bila kulisikiliza. Kwa anayeanza tunapendekeza Labrador ya Stockholm, kwa kuwa nyimbo zake zina melodi zinazoshikika haraka: The Radio Dept., Acid House Kings, Club 8, Sambassadeur. Kutoka hapo nenda Sincerely Yours ya Göteborg, halafu Crunchy Frog ya Copenhagen, iliyopo tangu 1994 na ndiyo iliyowatoa The Raveonettes. Rune Grammofon iache mwisho. Ina mambo mazito, jazi na kelele zisizo na kiitikio, na wengi walioanzia hapo waliishia hapo hapo.

Njia yenyewe ni hii. Chukua albamu moja uliyoipenda kweli. Ifungue kwenye Discogs, kanzidata ya rekodi iliyopo tangu 2000, usome jina la lebo na namba ya katalogi, ile ambayo lebo huipa kila rekodi yake. Bonyeza jina la lebo, panga matoleo kwa mwaka, kisha usikilize wimbo mmoja mmoja katika kila toleo, wa pili au wa tatu, kwa sababu wa kwanza mara nyingi ni utangulizi tu. Kila unapovutiwa, andika jina la prodyuza na la studio. Baada ya matoleo kumi hivi utaona jina moja linajirudia, na hilo ndilo la kufuata kwenye lebo nyingine. Angalizo dogo: namba ya katalogi isichukuliwe kuwa mwaka. Toleo la kwanza kabisa la Rune Grammofon lina namba RCD 2001, nalo lilitoka 1998.

Ukishazijua lebo zako tano au sita, nenda kwenye kurasa zao za Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, na ubonyeze kufuata. Kila toleo jipya litakuletea barua pepe ya KB chache, inayofunguka hata mtandao ukiwa dhaifu. Hii ni bora kuliko kushinda unaperuzi programu ya muziki ukila MB kwa picha za jalada.

Kutafuta majina kuna mitego yake, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Bendi za Göteborg zilipenda majina ya mzaha: kuna Air France, kuna The Embassy, kuna Studio, kuna jj kwa herufi ndogo. Andika Air France na utaletewa tiketi za ndege. Dawa ni kuongeza jina la lebo: Air France pamoja na Sincerely Yours, The Embassy pamoja na Service. Mtego wa pili ni miji yenye majina mawili. Gothenburg na Göteborg ni mji mmoja, Copenhagen na København vilevile, na habari za ndani zimeandikwa kwa jina la kwao. Wa tatu ni herufi. Ø, Å, Æ, Ä na Ö ni herufi kamili. Kwenye simu shikilia o au a kwa muda na zitatokea. Kwenye orodha za alfabeti Å haikai karibu na A, inakaa mwishoni, baada ya Z. Na wa nne: wasanii wawili wenye jina moja hurundikwa kwenye ukurasa mmoja wa Spotify. Ukiona bendi ya magitaa imetoa ghafla wimbo wa dansi, angalia jina la lebo chini ya albamu kabla ya kulaumu.

Redio bado ndiyo mlango mpana kuliko yote. NRK P3 ya Norway ina mradi wa Urørt tangu 2000: msanii asiye na mkataba hupakia wimbo wake mwenyewe, wahariri husikiliza na kuchagua, na mwisho wa msimu kuna fainali. Huko ndiko girl in red wa mji mdogo wa Horten alikoonekana mapema. Sweden ina P3 ya Sveriges Radio, Denmark ina P6 Beat ya DR. Lugha isikutishe, mtangazaji hutaja jina la msanii kabla au baada ya wimbo, na tovuti ya kituo huonyesha kilichopigwa.

Wanaokosa vipindi hukosea saa. Majira ya baridi wao wako nyuma yetu saa mbili, majira ya joto saa moja. Hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kipindi kilichoandikwa 20.00 ni saa 4 usiku kwetu mwezi Januari, na saa 3 usiku mwezi Julai. Anayesoma 20.00 akaihesabu kama saa 8 ya Kiswahili atasubiri sana.

Sasa bando. Hesabu ni rahisi: kilobiti kwa sekunde, gawa kwa 8, zidisha kwa 3600, utapata KB kwa saa. Redio ya mtandaoni ya kilobiti 128 hula kama MB 58 kwa saa. Spotify, ambayo ni ya Stockholm na ilifika Tanzania Februari 2021, ina ngazi za 24, 96, 160 na 320. Kwa saa moja hiyo ni kama MB 11, 43, 72 na 144. Usiache kwenye kipimo cha kujipangia chenyewe, kwa sababu ukifika mjini kwenye 4G kitapanda bila kukuuliza. Zima pia zile video fupi zinazocheza nyuma ya wimbo.

Lakini kilobiti 24 haifai kwa kila bendi. Gitaa moja na sauti mbili laini, kama Kings of Convenience wa Bergen, zinavumilika. Bendi zinazorundika magitaa yenye mvumo, kama The Radio Dept., huharibika kabisa: matoazi yanageuka maji yanayochemka na sauti ya mwimbaji inazama. Kwa hizo usishuke chini ya 96. Wengi wanaosema muziki huu ni kelele waliusikia kwa 24.

Kununua kuna hesabu yake. Albamu ya dakika 40 kwa kilobiti 96 hula MB 29 kila unapoisikiliza. Kuipakua Bandcamp kwa MP3 nzuri ni kati ya MB 75 na 96. Ukiisikiliza mara nne, kupakua kumekuwa nafuu, na basi likiwa Kitonga mtandao ukiyumba wewe hujali. FLAC, yaani faili lisilopunguzwa ubora, ya albamu hiyo hiyo hufika MB 250 au zaidi. Ni nzuri, ila kwa sabufa na simu ya kawaida hutasikia tofauti. Malipo ni kwa kadi, hata ile ya mtandaoni inayotolewa na huduma za pesa za simu. Hakikisha ina dola za kutosha pamoja na makato ya kubadilisha fedha, maana ikipungua senti chache muamala hukataliwa. Siku ya kawaida Bandcamp hubaki na asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali. Katika baadhi ya Ijumaa za kwanza za mwezi, utaratibu ulioanza Machi 2020, haichukui fungu lake. Siku hiyo huhesabiwa kwa saa za California, kwa hiyo kwetu huanza saa 4 au saa 5 asubuhi ya Ijumaa na kuisha muda huo huo Jumamosi. Atakayenunua Ijumaa alfajiri amewahi mno.

Na sababu nyingine ya kununua: lebo ndogo hufa. Mikataba ikiisha, nyimbo kwenye programu hugeuka kijivu na hazichezi tena. Kupakua ndani ya Spotify hakukuokoi; kunahitaji usajili wa kulipia, na simu lazima iingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30.

Sabufa nazo zina tabia zake. Flashi za GB 64 na kuendelea kwa kawaida huja na mfumo wa exFAT, na sabufa nyingi za madukani Mwanjelwa husoma FAT32 tu, kwa hiyo nunua ya GB 16 au 32. Chagua MP3 ya 320 badala ya ile ya V0, ambayo kilobiti zake hupanda na kushuka, kwani mashine za zamani huonyesha dakika za uongo kwenye V0. Badilisha majina ya mafaili yaondokane na Ø na Å, la sivyo yatatokea kama maswali au yatarukwa. Na ukikuta albamu inacheza ovyo, wimbo wa saba kabla ya wa pili, si kwamba flashi ni mbovu. Mashine hufuata mpangilio wa kunakili, haisomi namba. Futa, nakili upya wimbo mmoja mmoja kwa mfululizo.

Santuri tusizizungumze sana. Sahani yenyewe ni gramu 140 hadi 180, bado boksi, na nauli mara nyingi huzidi bei. Kodi nayo hupigwa juu ya bei pamoja na nauli. Kama lazima, wanne waagize kwa pamoja kwenye lebo moja.

Matamasha yafuatilie hata kama huendi, kwa sababu orodha zake ni uhakiki wa bure. Soma bango kuanzia chini. Majina makubwa ya juu utayajua tu. by:Larm ya Norway, iliyoanza 1998, ipo kwa ajili ya wasanii wapya, na SPOT ya Aarhus vilevile. Roskilde ya Denmark, iliyopo tangu 1971, hutoa siku zake za mwanzo kwa wachanga wa Nordiki kabla ya majukwaa makubwa kufunguliwa. Øya ya Oslo na Way Out West ya Göteborg huangukia Agosti, mara nyingi wiki ile ile, na hugawana wasanii. (Way Out West haiuzi nyama tangu 2012, mtu wa Mafinga ajipange.) Orodha ya wanaowania Nordic Music Prize, iliyoanza na albamu za 2010, ni njia ya mkato kwa asiye na muda. Kwa miaka hii ya karibuni tungeelekeza sikio Copenhagen, kwa kizazi kilichopitia chuo cha muziki wa kisasa cha mji huo: ML Buch, Astrid Sonne, Clarissa Connelly na wawili wa Smerz waliotoka Norway.

Albamu hutoka Ijumaa, kama kwingineko duniani. Ila Julai usitarajie kitu. Norway na Sweden huenda likizo kwa pamoja mwezi huo, na barua pepe uliyoiandikia lebo itajibiwa Agosti. Si dharau.

Ukisoma uhakiki wao, jua vipimo. Magazeti ya Norway hutoa alama kwa uso wa dadu, 1 hadi 6, desturi iliyoanzishwa na gazeti la VG mwaka 1952. Jarida la muziki la GAFFA la Denmark hupima kwa nyota sita. Nne huko ni ya kawaida tu, hata kama sisi tuliozoea nyota tano tunaiona karibu imejaa. Uhakiki huitwa anmeldelse Norway na Denmark, recension Sweden. Låt ni wimbo, skiva au skive ni albamu. Utsolgt, udsolgt na slutsåld maana yake ni moja: zimeisha.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Ijumaa ukurasa wa burudani utupe sentimita chache za safu: majina matatu mapya, lebo, mji, basi. Na majina yaandikwe sawasawa, maana msomaji akiandikiwa MO hatampata mwimbaji MØ, na akiandikiwa Royksop badala ya Röyksopp anaweza kupotea. Kwa wapanga kurasa wanaotumia Windows, shikilia Alt uandike kwa vitufe vya namba vya upande wa kulia: 0216 ni Ø na 0248 ni ø; 0197 ni Å na 0229 ni å; 0198 ni Æ na 0230 ni æ; 0196 ni Ä na 0228 ni ä; 0214 ni Ö na 0246 ni ö. Sifuri ya mwanzo isiachwe, na Num Lock iwe imewashwa. Kisha hakikisheni fonti ya vichwa vya habari inazo herufi hizo, kwa sababu baadhi ya fonti nene huacha kiboksi kitupu, na hilo huonekana gazeti likishachapwa.

Wasomaji wako,
Mwanjelwa, Mbeya